Kizunguzungu cha Ma Clotilda

Kila Jumamosi, kabla jua halijakolea, Joyness na bibi yake, Ma Clotilda, waliingia migombani kukata ndizi za wiki. Bibi alichagua mkungu, mjukuu akashika panga. Asubuhi ile bibi alipoinua uso kutazama mkungu, dunia ilimzunguka. Aliukumbatia mgomba, akaserereka nao mpaka chini, akatapika.

Ta Kyaruzi, jirani yao, alikuwa akipita. "Waitu Ma Clotilda! Pombe ya rubisi hata chai hujanywa?" Akacheka, akaenda zake na habari.

Kijiji chao, huko Muleba, hakikuwa na subira na mgonjwa anayepepesuka. Marehemu Bartholomayo aliitwa mlevi miaka mitatu. Walipojua kuwa ni kisukari, tayari walikuwa wameshika majembe ya kuchimbia kaburi lake. Sasa ilikuwa zamu ya Ma Clotilda, mzee wa kanisa asiyeonja pombe tangu kipaimara.

Jumatatu shuleni, Violeth alimvaa Joyness mbele ya wenzao. "Eti bibi yako anacheza ngoma na mgomba! Anakunywa, hanywi?"

Darasa zima likacheka.

"Anakunywa kidogo tu," Joyness akasema, ili wamwache.

Wakamwacha. Neno lake hawakuliacha. Kufikia Jumatano lilikuwa limewafikia wazee wa kanisa: mjukuu mwenyewe kakiri. Kikao kikapangwa Jumapili, Ma Clotilda avuliwe uzee wa kanisa.

Alhamisi Penina, mama yake Joyness, alimpeleka bibi hospitalini Bukoba. Joyness akaenda kumshika mkono.

"Kinakuja lini, bibi?" Daktari Maimuna aliuliza.

"Nikigeuka kitandani. Nikitazama juu. Muda mfupi tu, kinapita."

Daktari akamvalisha miwani kubwa nyeusi, imeziba macho pande zote kama ya mchomelea vyuma. Ndani yake mlikuwa na kamera. Alimgeuza kichwa kulia, akamlaza kwa haraka. Kwenye kioo cha kompyuta, macho ya bibi yakaanza kurukaruka.

"Ndani ya sikio mna chembe ndogo kama mchanga, hutusaidia kusimama wima," daktari alisema. "Zake zimehama mahali pake. Miwani hii inanionyesha ni sikio lipi."

Kisha akamgeuza kichwa upande wa pili, hatua kwa hatua, ili chembe zirudi mahali pake, akamlaza ubavu, akamkalisha. Baadaye alirudia kipimo. Macho yalitulia tuli.

"Mtu akiyumba, mleteni apimwe," alisema. "Msimnuse."

Joyness aliinamisha uso.

Jumapili, Mzee Karugendo alifungua kikao. "Mjukuu wake amesema anakunywa."

Joyness alisimama. "Nilidanganya, wazee. Sijawahi kumwona akinywa. Nilichoka kuchekwa."

"Kafundishwa huyo!" akaropoka Ta Kyaruzi, aliyekuja kusikiliza.

Penina aliweka cheti cha daktari mezani. Karugendo alikisoma mara mbili. "Ma Clotilda anabaki na uzee wake," akasema.

Bibi akainuka. "Mjukuu wangu, ugonjwa uliniangusha dakika mojamoja. Neno lako liliniangusha wiki nzima, na hospitali haina miwani ya kulionyesha. Umelifuta mwenyewe, mbele za watu. Uongo hauna dawa nyingine." Akawageukia wazee na watu wengine. "Na ninyi mliosikia neno la mtoto bila kuniuliza mimi, midomo mnayo. Nasubiri."

Ta Kyaruzi akavua kofia, akaanza kuomba radhi.