Bahasha Iliyonuka Gundi ya Viatu

Baba yetu ni fundi viatu. Kila asubuhi hukaa mlangoni na nyundo yake, na mama hupita akilalamika, "Mzee, ondoa hivyo visigino njiani." Hivyo ndivyo tulivyoishi kwa amani hadi bahasha ilipofika.

Dada yetu mkubwa alisomea kazi ya maabara nchi ya nje kwa miaka mitatu. Hospitali ya mtaani ilikubali kumwajiri kwa sharti moja. Ndani ya miezi miwili alete barua ya ofisi ya uthibitishaji wa vyeti, inayosema kwamba stashahada yake inalingana na ya hapa kwetu. Asipoileta, nafasi anapewa mwingine.

Ofisi ilitaka alama zake zote kutoka chuoni, ndani ya bahasha iliyofungwa. Siku bahasha ilipofika nyumbani, dada hakuwepo. Ilikuwa na muhuri mwekundu mgongoni, na maneno makubwa: ISIFUNGULIWE.

"Isifunguliwe na watu," mama alisema. "Mimi si watu. Mimi ni mama yake."

Akaichana. Akasoma alama kwa sauti, somo hadi somo, kama anayesoma taarifa ya habari. Majirani wawili walialikwa kusikiliza. Nami, mwanafunzi wa bweni niliyekuwa likizoni, nilipiga makofi.

Dada aliporudi alishika kichwa kwa mikono miwili. "Mama! Umeniua!"

"Nimekuua kwa alama nzuri hivi?"

"Imeandikwa isifunguliwe!"

Baba aliinuka taratibu. "Mwanangu, kubandika ndiyo kazi yangu." Aliipaka gundi, akaikandamiza chini ya chuma chake cha kugongea viatu. Ikatoka imenyooka kuliko ilivyotumwa. Dada alisita, lakini siku zilikuwa zinakwisha. Akaichukua.

Kesho yake nilimsindikiza ofisini. Afisa alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Hakuifungua bahasha. Aliinusa.

"Hii imepitia wapi?"

"Posta," dada alijibu kwa sauti ndogo.

"Posta gani inatumia gundi ya soli?"

Nilitamani sakafu inimeze. Dada akasema yote: mama, majirani, baba, chuma.

Afisa alivaa miwani. "Umefanya vizuri kusema. Bahasha iliyofunguliwa ni kosa. Iliyobandikwa upya ni udanganyifu. Ungeng'ang'ania posta yako, ningeandika neno *kughushi* kwenye faili lako, na hospitali yoyote ambayo ingeniuliza, ningeisomea."

Rangi ilimtoka dada. "Sasa nifanyeje, mama?"

"Mwandikie msajili wa chuo leo. Alama azitume kwetu moja kwa moja, zisipite mkononi mwako wala mwa mama yako. Weka sahihi kwenye fomu hii ya idhini, kwa sababu chuo hakitatujibu bila ruhusa yako. Tutawauliza kama kweli ulihitimu. Tutaiuliza na serikali yao kama chuo kinatambuliwa. Mwisho tutalinganisha masomo yako na ya hapa, pamoja na saa za mazoezi."

"Lakini chuo kipo! Nimelala pale miaka mitatu!"

"Najua. Ila wiki iliyopita kijana mmoja aliniletea shahada nzuri kuliko zote, ina dhahabu pembeni. Tukapiga simu ya chuo chake. Akapokea mtu anayeosha magari."



"Yaani hakusoma?" niliuliza.

"Alilipa, akatumiwa karatasi. Yeye mwenyewe alidhani ni chuo. Alilia pale ulipokaa."

Nilisogea kidogo kwenye kiti.

Nyumbani, mama aliposikia habari ya yule kijana wa shahada ya dhahabu aliketi chini. "Na mtu kama huyo angenichoma sindano?"

Dada alimwandikia msajili siku ileile. Kisha akaenda hospitali na kumweleza mkuu wa maabara ukweli wote. Mkuu alicheka hadi akafuta machozi, kisha akaacha kucheka. "Tarehe haibadiliki," alisema.

Wiki ya tano tangu apewe sharti, chuo kilijibu. Wiki ya saba serikali ya nchi ile nayo ikajibu. Siku nne kabla ya tarehe, barua ilitoka: stashahada inalingana. Mkuu hakuridhika na barua peke yake. Alipiga simu ofisi ya uthibitishaji kuhakikisha namba ya barua, dada akiwa amesimama mbele yake.

"Ni yenyewe," alisema, akaweka simu chini. "Vaa koti. Damu hii ni ya mtoto wa kitanda cha nne. Daktari anasubiri."

Dada aliinamia hadubini. Alihesabu, akarudia kuhesabu, akaandika majibu na kutia sahihi chini. Daktari alisoma ile karatasi mara moja tu, hakuuliza aliyetia sahihi alisomea wapi, akaenda kumtibu mtoto.