Picha za Kichwa cha Damaris

Kabati la maabara lilifunguliwa kwa ufunguo. Kilichotoweka ni diski moja tu.

"Ya nani?" aliuliza Inspekta Saleh Bawazir wa polisi wa Riyadh.

"Damaris, Mkenya, mfanyakazi wa nyumbani huko mtaa wa Al-Malqa," alijibu Dk. Hanan, aliyetafiti magonjwa ya akili kwa kupiga picha za ubongo. "Madamu wake alimleta, akasema ana wazimu. Sasa yuko wodi ya wagonjwa wa akili huko Jeddah, anangoja kurudishwa kwao."

"Picha zilionyesha nini?"

"Sikuzisoma. Hakutulia ndani ya mashine, nikamtoa kwenye utafiti."

"Una nakala?"

"Kwenye kompyuta."

"Fungua."

Daktari alifungua. Akaitazama picha kwa muda mrefu.

"Hii ni damu chini ya fuvu," alisema kwa sauti ndogo. "Huyu alipigwa."

Saleh alipiga simu wodini: mgonjwa asisafirishwe. Kisha akauliza nani mwingine alikuwa na ufunguo. Ni mlinzi Alfayo, naye hajaja kazini tangu jana.

Simu ya Alfayo ilisomeka Jeddah. Adhuhuri Saleh alishuka ndege huko, akamkuta Balad, mji wa kale, kwenye chumba cha wachukuzi.

"Diski iko wapi?"

"Mafi diski, bosi," Alfayo alikana kwa Kiarabu cha kuokoteza: hakuna diski.

"Sema kweli," Saleh alisema kwa Kiswahili. "Nyanya yangu alikuwa mtu wa Mombasa."

Alfayo aliketi. Akaitoa diski kifuani.

"Damaris ni dada yangu. Fundi wa mashine alisema ameona damu. Nikangoja wiki mbili daktari aseme kitu. Kimya. Nimezunguka kliniki tatu, wote wanauliza ikama ya mgonjwa, kile kibali cha ukaazi. Nimeiba, nakubali. Nifunge, lakini aangaliwe."

"Wizi nitauandika. Kwanza twende hospitali."

Damaris alipasuliwa jioni ileile. Siku ya tatu alimtambua kaka yake. Siku ya tano alitoa maelezo.

Saleh alirudi Al-Malqa.

"Alianguka bafuni," alisema Madamu Nouf.

"Amezinduka, madamu. Ametaja mchi wa shaba. Tumeupata jikoni, una damu iliyokauka."

Mwanamke alikunja mikono mapajani.

"Mkataba wake uliisha. Alidai pasi yake aende nyumbani. Nikampiga. Alipoanza kupayuka, niliona nimepona."

"Ulipona vipi?"

"Nikimwita mwendawazimu, nani atamsikiliza?"

Saleh alimsogezea karatasi ya maungamo na kalamu.