Tone Moja Juu ya Tangi la Tatu

"Sindano, mgonjwa alazwe kabla ya saa sita."

Amri iliingia saa tatu na robo asubuhi, kupitia kidude kilichofichwa sikioni. Maana yake ilikuwa moja tu: mkamate mkurugenzi mpya.

Sindano aliendelea kufuta meza. Wiki ya tatu sasa jasusi huyu alikuwa akijifanya mfagizi katika kiwanda cha chipu za kompyuta, ndani ya ovaroli jeupe lililoacha macho tu wazi. Chini ya ovaroli hilo kulikuwa na bastola, Beretta.

"Ushahidi?" alinong'ona.

"Tangu aje, mizigo miwili imeharibika. Kuna kampuni ya nje inasubiri kiwanda kife ikichukue bure. Huyo mama ni mtu wao."

"Nani kasema?"

"Makamu wake. Fanya kazi yako."

Moyo ulikataa.

Kiwanda kilikuwa hoi miaka sita. Mabosi waliotangulia walijifungia ghorofa ya tisa, wakarushiana lawama na kupunguza mafundi. Kaka mkubwa wa Sindano alikuwa mmoja wa waliopunguzwa. Mama huyu, siku ya kwanza tu, alishusha meza yake chini, karibu na mashine. Alifuta aina kumi na moja za chipu zisizo na wanunuzi, akabakiza moja, ya mashine za hospitali. Mafundi wakaanza kufika mapema bila kuhimizwa.

Leo saa sita mteja alikuwa anapokea mzigo wa tatu. Ukiharibika na huu, milango inafungwa.

Ilipokaribia saa tano, Sindano alimfuata mezani kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Ile mizigo iliharibikia wapi?"

Mama alimtazama. Mfagizi anauliza hayo? Lakini alikuwa na mazoea ya kumjibu kila mtu.

"Kwenye kuoshwa. Maji tunayapima asubuhi ni safi, vipande vinatoka na madoa. Makamu anasema mashine zimezeeka, tuuze."

"Na wewe unasemaje?"

"Mashine gani huzeeka siku ya kukabidhi mzigo tu?"

Sindano aligeuka. Saa yake ya Casio ilisoma saa tano kasoro dakika nane. Kuosha kungeanza saa tano, na mtu alikuwa akiyachafua maji baada ya kupimwa.

Alikimbia.

Ngazi. Korido. Mlango wa chuma ulioandikwa MAJI, kufuli limefunguliwa.

Makamu alikuwa juu ya tangi la tatu, koti kalivua, chupa ya maji ya chumvi mkononi. Kifuniko kilikuwa wazi.

"Shikamoo, mzee. Umepotea njia?"

"Wewe mfagizi, rudi kazini."

"Niko kazini."

Makamu aliinamisha chupa. Sindano aliruka, akadaka ukingo wa tangi kwa mkono mmoja, akaupitisha mwingine chini ya mdomo wa chupa. Tone la kwanza lilidondoka kwenye glavu. La pili halikupata nafasi. Kiwiko kilimpata makamu mbavuni, chupa ikaruka ukutani, yeye akaporomoka hadi sakafuni. Alipoinua kichwa, Beretta ilikuwa inamtazama.

Simu ya makamu ikaita. Sindano aliipokea, akampa aongee, bastola shingoni.

"Tayari?" sauti ngeni iliuliza.

"Ta... tayari."

"Nipo lango la nyuma na mkataba wa kukichukua kiwanda."

Sindano alikata simu, akagusa sikio.

"Mkubwa, wagonjwa ni wawili. Mmoja ninaye, mwingine yuko lango la nyuma. Yule mliyenituma nimlaze ni mzima kabisa."

"Umevunja amri, Sindano."

"Ndiyo, mkubwa. Tuma gari."

Saa sita kasorobo fundi wa vipimo alitoka na karatasi. Mzigo uliopita, katika kila chipu mia, tisa tu zilikuwa zimefaulu. Aliisoma karatasi mara mbili kabla ya kusema.

"Tisini na moja, mama."

Mkurugenzi alikaa juu ya sanduku tupu, akafunika macho kwa viganja. Kisha akasimama, akaomba wapakiaji waitwe.

Sindano alishavua ovaroli. Mlangoni, msimamizi wa usafi alimzuia, kakunja uso.

"We dada, umeacha ndoo katikati ya korido."

"Nimeacha na kazi."

Akavaa miwani, akaingia mtaani.