Mikono Iliyotetemeka Maabara

Darasani binti huyu walimwita Kamusi. Ukimwuliza swali la kemia, alikujibu kabla hujafunga mdomo. Lakini siku ya kazi za vitendo, Kamusi alikuwa mtu mwingine. Mikono ilitetemeka. Jasho jembamba lilimtoka. Alipopima asidi kwa bureti, ule mrija mrefu wa kioo wenye namba, vipimo vyake havikulingana hata mara mbili.

Ijumaa moja bureti ilimponyoka. Paa! Vipande vikatapakaa mezani.

"Ya pili hii!" mwalimu alifoka. "Mtihani umebaki miezi mitatu, wewe unacheza?"

Wenzake wakacheka. Kamusi akainama. Alitaka kuwa mfamasia. Bila alama za vitendo, ndoto hiyo ingeota mbawa.

Mtunza maabara, mama wa makamo, alikuja kufuta meza. Badala ya kuangalia vipande, alimwangalia Kamusi usoni.

"Mwanangu, nionyeshe viganja. Mbona vimepauka hivi? Umekula nini asubuhi?"

"Chai kavu, mama. Nawahi kipindi."

"Na ukipanda ngazi?"

"Nahema kama niliyekimbizwa na mbwa."

"Basi huchezi wewe. Nenda zahanati, tena leo hii. Mwambie mama yako nimesema mimi."

Nyumbani, baba yake, fundi seremala, alitikisa kichwa. "Uvivu huo. Watoto wa siku hizi!"

"Mvivu gani anaamka kabla ya jogoo?" mama alimkata kauli, huku akijifunga mtandio. "Twende, mwanangu."

Kule zahanati, muuguzi alimtoboa kidole na kupima damu.

"Damu yako imepungua," alisema. "Damu ndiyo inayobeba hewa mwilini. Ikipungua, unachoka, unapata kizunguzungu, moyo unakwenda mbio. Ukiongeza na njaa, mikono itatulia vipi? Hedhi yako ikoje?"

Kamusi alimtupia mama yake jicho. "Nyingi sana. Siku saba, nane."

"Mbona hukuniambia?" mama aliuliza kwa upole.

"Niliona aibu."

"Aibu haiongezi damu," muuguzi alisema, wakacheka wote watatu. "Daktari ataiangalia hiyo hedhi. Utapewa vidonge vya madini ya chuma. Choo kikiwa cheusi, usishtuke, ni dawa tu. Kula maharage, mboga za majani, samaki, na nyama ikipatikana. Tunda kama chungwa husaidia chakula hicho kufanya kazi. Chai usinywe pamoja na mlo, maana inazuia madini kuingia mwilini. Subiri kama saa moja hivi. Na usiende shule na tumbo tupu."

Baba aliposikia habari hizo, alikwenda sokoni kununua maharage. Kesho yake aliingia jikoni mwenyewe.

"Baba, haya maharage au misumari?" Kamusi aliuliza akitafuna kwa shida.

"Tafuna, mwanangu. Fundi hujifunza kwa kukosea."

Wiki ya pili yaliiva. Wiki ya nne, Kamusi alipanda ngazi za shule akiimba. Mtunza maabara naye alizungumza na mwalimu, na vipindi vya vitendo vikahamishiwa baada ya mapumziko, wanafunzi wakiwa wamekwisha kula.

"Nilikugombeza bila kukuuliza," mwalimu alimwambia Kamusi. "Niwie radhi."

Siku ya mtihani ikafika. Kamusi alifungulia asidi kutoka kwenye bureti, tone kwa tone. Maji ya njano kwenye chupa iliyokuwa chini yakageuka rangi ya chungwa, naye akafunga bureti papo hapo. Akaandika namba. Akarudia mara ya pili, kisha ya tatu. Vipimo vyote vitatu vililingana.

Nje, mama yake alikuwa amesimama getini, roho juu.

"Imekuwaje?"

"Mama," Kamusi alisema akicheka, "imekwenda vizuri. Ila nina njaa, naweza kumeza hata geti!"