Nukta Tatu za Rangi Nyeupe

Kila siku saa kumi jioni Nati alirudi kutoka shuleni, akatupa mkoba kitandani, akavua sare na kuvaa ovaroli la marehemu baba yake. Lilimzidi kila upande, kwa hiyo aliikunja miguu mara nne na kujifunga kiunoni kwa ukanda wa mpira wa tairi. Kisha alikwenda uani, akaligonga gari mlangoni mara mbili kama mtu anayebisha hodi, ndipo akaanza kazi. Jina lake halisi lilitumika kwenye daftari la mahudhurio tu. Mtaani kote aliitwa Nati, kwa kuwa alikuwa mdogo, mgumu, na akishakaza jambo hakuna wa kulilegeza.

Gari lenyewe lilikuwa la zamani, la aina ile ya kupita porini na mitoni: fupi, la pembepembe kama kabati, limeinuka juu ya matairi manene, paa lake turubai. Baba alilitumia kuyafuata magari yaliyokwama mahali ambapo fundi mwingine hakufika. Tangu afariki lilikuwa limekaa juu ya mawe miaka mitano. Panya walizaliana ndani ya viti, na nyasi zilichomoza kwenye sakafu.

Tusidanganyane: Nati hakuwa akilifufua gari hilo kwa mapenzi peke yake. Alilifufua kwa kisasi.

Mwisho wa mtaa, pale penye kona, palikuwa na gereji ya Fundi Mbwembwe. Aliitwa hivyo kwa sababu ovaroli lake lilikuwa jeupe, na kila alipomaliza gari moja alinawa hadi viwikoni huku akipiga mluzi. Kazi alifundishwa na baba yake Nati, tangu hajui kutofautisha spana na koleo. Na mtu huyohuyo, siku Nati na mjomba wake walipoanza kufyeka nyasi, alipita na wateja wake wawili, akasimama kwenye ua na kusema, "Hilo si gari tena, ni banda la kuku. Mwenyewe alishakwenda. Na lenyewe liacheni liende."

Wateja walicheka. Nati hakucheka. Alikula kiapo hapohapo kwamba siku moja gari lile lingepita mbele ya gereji ya kona, yeye akiwa kiti cha mbele, mkono juu ya honi, na Mbwembwe angeyameza maneno yake moja moja bila maji.

Mama naye alikuwa ameweka siku. Kila asubuhi akienda kazini zahanati alilipita gari lile, na kila asubuhi lilimkumbusha alichopoteza. Alikuwa amechoka. Alisema Jumamosi ya kwanza baada ya shule kufungwa angekuja mnunuzi wa vyuma chakavu na mitungi yake ya gesi ya kukatia vyuma. Kama gari lingekuwa linatembea, lingebaki. Kama bado lilikuwa juu ya mawe, lingekatwa vipande. Mjomba, ambaye ni kaka yake mama na fundi wa malori, alijaribu kumwomba aongeze mwezi. Mama hakuongeza hata siku.

Kazi haikuwa lelemama. Walipounganisha nyaya, waligundua panya wameshakula nusu yake, wakaanza upya. Tangi la petroli walilichomelea tundu moja, likavuja matatu. Breki zilikuwa zimeganda, wakazigonga siku nne. Kila jambo liliposhindikana, Nati alilikumbuka lile banda la kuku, meno yakamkaza, akarudi chini ya gari. Mjomba alimtazama wakati mwingine na kutikisa kichwa. Alisema hajawahi kuona mtoto anayesugua kutu kana kwamba anamsugua mtu.

Zilipobaki siku tisa, ilibaki kazi moja kubwa: kufunga silinda hedi, kile kifuniko kizito cha chuma kinachokaa juu ya injini. Kati yake na injini hulazwa gasketi, karatasi ngumu ya kuzuia maji yasikutane na oili. Kinashikwa na bolti kumi. Baba alikuwa na utaratibu wake, na kila aliyepita mikononi mwake aliufuata. Bolti hukazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, mizunguko mitatu. Wa kwanza wa kukalisha, wa pili wa kubana, wa tatu, baada ya kulala usiku mzima, wa kumaliza. Kila mzunguko ukiisha, kila bolti inatiwa nukta moja ya rangi nyeupe kichwani. Nukta tatu maana yake kazi imekwisha, na hakuna anayegusa tena. Kukagua bolti yenye nukta tatu za mwenzako ilikuwa ni kumwita mwongo. "Nukta ni neno la fundi," baba alikuwa akisema.

Jioni hiyo Mjomba aliitwa kwenda kulinyanyua lori lililopinduka mbali. Alimwachia Nati spana ndefu na kikopo cha rangi. "Unajua mizunguko," alimwambia. "Mimi nitarudi kesho mchana. Usiwe na haraka."

Nati alianza vizuri. Hakuwa amefika bolti ya tatu, Mbwembwe akapita nyuma ya ua, ndoo ya sabuni mkononi, akachungulia. Aliuliza kuku wametaga mangapi leo, kisha akaenda zake akipiga mluzi.

Damu ilimpanda Nati kichwani. Mzunguko wa tatu ungefanyika kesho jioni, gari litoke keshokutwa; yeye alitaka lipite kesho. Kesho ilikuwa Ijumaa, na Ijumaa gereji ya kona hujaa watu. Akaacha katikati, akazikaza bolti zote kwa mkupuo mmoja, kuanzia zilizokuwa karibu naye. Zile mbili za nyuma kabisa, ambako mkono haufiki vizuri, alizizungusha mpaka zikashika, akaziacha. Kisha akachovya brashi na kutia nukta thelathini bila kupumzika. Zilipendeza kweli. Alijiambia kuwa kubana ni kubana tu.

Mjomba aliporudi aliinua boneti, akaziona nukta, akatabasamu na kufunika. Hakugusa bolti hata moja. Wakajaza maji, wakatia oili, wakafunga betri. Gari likakohoa, likapiga chafya, likawaka. Nati alipanda kiti cha mbele, mkono juu ya honi, Mjomba akashika usukani, wakatoka uani.

Walifika gereji ya kona. Watu walikuwa wamejaa, kama alivyoomba. Kabla Nati hajabonyeza honi, injini ikatetemeka, moshi mweupe ukafuka nyuma na mvuke mbele, gari likazima katikati ya barabara. Kisha mtu mmoja akawika kama jogoo, na kona nzima ikaangua kicheko.

Mbwembwe peke yake hakucheka. Alisogea akifuta mikono na kumwambia Mjomba aangalie oili, kwa sababu bila shaka maji yameingia. Mjomba akachomoa kijiti cha kupimia. Oili ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa.

"Amejuaje?" Nati akasema, na sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Amejuaje kabla hatujafungua? Jana alikuwa kwenye ua wetu. Yeye ndiye aliyeharibu."

Mjomba aliinua boneti. "Nukta zipo," alisema polepole. "Zote tatu tatu. Kosa halijatoka kwetu." Kila mtu alimgeukia Mbwembwe. Alikataa. Kadiri alivyokataa ndivyo watu walivyozidi kutikisa vichwa, maana dharau zake mtaa mzima ulizijua. Mwenye teksi aliyekuwa kwenye foleni alipanda gari lake na kuondoka. Wengine wakamfuata.

Siku tatu Nati alikula utamu wa kisasi. Kila asubuhi alizunguka njia ndefu ya kwenda dukani, makusudi, ili apite kona. Gereji ilikuwa tupu. Mbwembwe alikaa kwenye benchi, mchana kutwa mikono yake safi, na mluzi haukusikika tena. Nati alipita taratibu ili aone vizuri. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu, alijisemea. Lakini usiku wa tatu alipofumba macho, kilichomjia hakikuwa uso wa Mbwembwe. Zilikuwa zile bolti mbili za nyuma.

Jumanne Mjomba alikuja na gasketi mpya. Alimpa Nati spana, kwa kuwa sheria ya baba ilikuwa kwamba aliyefunga ndiye anayefungua, naye akainama kuosha vyombo vya kazi kwa petroli. Nati alifungua nane. Ya tisa, iliyokuwa nyuma kabisa, aliigusa kwa vidole viwili, ikazunguka. Ilizunguka kama kizibo cha chupa, na kichwani mwake nukta tatu nyeupe, nzuri, zimepangana.

Mjomba alikuwa amempa mgongo. Ingetosha kuitia spana, kuguna kidogo kama anayetumia nguvu, na kuitoa kama nyingine. Gari lingefungwa upya, Jumamosi lingewaka, na Mbwembwe angebaki kwenye benchi lake maisha. Nati aliushika mpini wa spana.

"Umaskini wa roho ni kitu kibaya," Mjomba alisema huku akisugua. "Mtu amefundishwa na baba yako, halafu anamharibia mtoto wake. Kama si hizi nukta za baba yako, leo ningekutilia shaka wewe."

Alisema nukta za baba yako. Nati alisikia kama amepigwa. Alizitazama, akaona kwamba kwa siku tano baba yake, aliyekuwa kaburini, ndiye aliyekuwa akisema uongo mtaani kwa ajili yake. Akaichomoa bolti kwa vidole, akaenda, akaiweka kwenye kiganja cha Mjomba chenye petroli.

"Ilikuwa hivi," alisema. "Sikukaza mizunguko mitatu. Nilikaza mmoja, na mbovu. Nukta nilizipaka tu." Machozi yalimtoka kwa hasira, na safari hii alijikasirikia mwenyewe.

Mjomba hakumpiga wala kumfokea. Afadhali angefanya hivyo. Alichukua kitambaa, akafuta nukta zote thelathini, bolti baada ya bolti. Kisha akasema kwamba injini ingesubiri, kuna kitu kingine cha kufungua kwanza. Na neno lililosemwa mbele ya watu halifutwi chumbani.

Walikwenda kona saa ya watu kutoka kazini. Mama, aliyekuwa akirudi kutoka zahanati, aliwakuta njiani, akaambiwa, akafuatana nao. Nati alisimama palepale gari lilipozimia. Alimwamkia Mbwembwe, shikamoo fundi, kisha akasema kwa sauti ileile ya Ijumaa kwamba fundi huyu hakuharibu kitu, na kwamba mwongo alikuwa yeye. Mwenye teksi alikuwepo. Alikuna kichwa na kutazama viatu vyake.

Mbwembwe alichelewa kuitikia marahaba. "Siku tano," alisema mwishowe. "Siku tano watu wanavuka barabara wakiniona."

"Ndiyo, fundi."

"Uliuliza nilijuaje. Nilijua kwa sababu nilishafanya. Nilikuwa na haraka ya kwenda kutazama mpira, nikapaka nukta za uongo kwenye injini ya mteja. Oili iligeuka rangi hiyohiyo. Baba yako alinifutia, na wiki nzima hakunipa brashi." Akamgeukia Mama. "Na lile neno nililosema kuhusu marehemu, nililisema ili watu wacheke. Hilo ni kosa langu, silisukumi kwa mtu. Gari bado nasema ni banda."

Neno banda bado lilimchoma Nati. Kisasi hakifi siku moja.

Jumatano jioni Mbwembwe alikuja mwenyewe uani, mikono nyuma, akakataa kushika spana. Nati alikaza kutoka katikati kwenda pembeni. Alipotaka kuunganisha mzunguko wa pili na wa tatu, Mbwembwe alisema, "Subiri," naye Nati akasubiri. Alhamisi, baada ya bolti kulala usiku, alimaliza wa tatu. Kwa zile za nyuma alipanda juu ya gari kwa magoti ili azifikie. Alichovya brashi akiwa bado amepiga magoti, na nukta hazikupangana vizuri kama zile za kwanza. Hakuna aliyezikagua.

Jumamosi mnunuzi wa vyuma alifika mapema na mitungi yake. Alikuwa bado anakunja mikono ya shati injini ilipowaka. Ilikohoa mara mbili, kisha ikatulia na kunguruma, haina moshi wala mvuke. Mama alichomoa kijiti cha oili mwenyewe, akakitazama kwa muda mrefu, akakirudisha. Alimwambia yule bwana amsamehe kwa usumbufu, lakini hapa hapakuwa na chakavu. Kisha akapanda kiti cha nyuma, mara ya kwanza kwa miaka mitano.

Barabarani Mjomba aliendesha taratibu. Alimwambia Nati kwamba hasira inaweza kukuamsha asubuhi na kukutia chini ya gari, hilo alikuwa ameliona kwa macho yake. Lakini hasira haina subira ya mzunguko wa tatu. "Ukifanya kazi ili mtu fulani aumie, mwanangu, utamwangalia yeye badala ya bolti. Fanya kazi ya kweli, na ukikosea sema umekosea, mapema, kabla mwingine hajaulipia uongo wako."

Walikaribia kona. Mbwembwe alikuwa chini ya gari la teksi, miguu tu ikionekana, na mluzi ulikuwa umerudi. Nati aliweka mkono juu ya honi, kama alivyoapa. Akaibonyeza mara moja, fupi, kama mtu anayebisha hodi.

Mbwembwe alijisukuma nje, ovaroli jeupe limejaa oili. Hakusema banda, wala hakusema gari. Aliinua vidole vitatu.