Hakujikata

Katika kivuko cha Kigongo, mwaka 1996, abiria waliposukumana kushuka, Odoyo alimkanyaga msichana mwenye gauni la kitenge cha manjano.

"Kaka, ukimaliza kuusimamia mguu wangu, unirudishie."

"Nikiurudisha utaondoka nao, dada."

Msichana huyo, Teodora, alicheka. Tangu hapo simu ya dukani kwa Mama Bernadeta, mtaani Igogo, ikawa yao. "Teodora!" mama huyo alikuwa akipaza sauti. "Mjaluo wako yuko hewani!"

Odoyo alikuwa mkufunzi wa usalama katika kiwanda kipya cha minofu ya sangara. Teodora alipoajiriwa humo, alihudhuria somo lake la kwanza. Odoyo alibandika ukutani picha aliyopewa na meneja: mkono uliokatika vidole, damu ikitapakaa juu ya barafu. Wanawake walijifunika macho.

"Tazameni! Mzembe huyu alijikata."

Teodora alilitambua kovu la kifundoni. Ulikuwa mkono wa kaka yake, Machibya.

"Kaka yangu hakujikata," alisema akisimama. "Alikatwa. Mashine haikuwa na kifuniko, na hadi leo haina."

Akatoka.

Simu ilipolia, alikataa kuipokea. "Mwambie nimekufa."

"Amesema amekufa," Mama Bernadeta alimweleza Odoyo, "ila maiti yenyewe inalia."

Odoyo alikwenda kwa Machibya. "Shikamoo, kaka. Nimekukosea. Picha ile niichane?"

"Marahaba. Usiichane. Vidole vyangu visiende bure. Lichane lile neno 'alijikata'."

Katika somo lililofuata, Odoyo aliwatoa wafanyakazi ukumbini, akawapeleka kwenye mashine yenyewe, akainua picha kando yake.

"Machibya alikatwa na mashine hii. Tazameni mkono, kisha tazameni pengo hili. Haitawashwa mpaka ifunikwe."

"Utafukuzwa," meneja alinong'ona.

"Na nifukuzwe."

Teodora, katika aproni nyeupe na mabuti ya mpira, alivuka sakafu yenye maji, akasimama ubavuni pake. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja, hata meneja akakosa njia ya kuifikia swichi. Alitazama nyuso zile, kisha akaagiza fundi aitwe.

"Wewe mkaidi," Teodora alimnong'oneza Odoyo. "Akikufukuza kesho, tutakula nini?"

"Tutakula? Umesema 'tutakula'?"

"Nimesema. Nenda kwa kaka ukanipose, kabla sijabadili nafsi."