Nani Kakushikia Kamba?

Mambo yalianza na kitana. Kilimtoka Dada mkononi akiwa katikati ya kusuka kichwa cha mteja, akakiokota, kikaanguka tena. Mteja, mama mmoja mwenye maneno, akacheka. "Leo umejipaka mafuta gani, mwenzangu? Mbona vitu vinakuteleza?" Dada naye akacheka, akajifuta viganja vyake vilivyochubuka kwenye aproni, akakishika kwa nguvu. Kikaanguka mara ya tatu, na safari hii hakucheka mtu.

Mdogo wake alikuwa mlangoni anavaa viatu aende kazini. Alikuwa fundi wa friji, kijana mwembamba wa mikono mirefu, na kwenye kundi lao la simu la wapanda miamba walimwita Mjusi. Aliviona vidole vya dada yake. Havikuteleza hata kidogo. Vilifunguka kimoja kimoja, kuanzia kidole cha mwisho, kama mtu anavyomfungua mtoto ngumi amnyang'anye peremende. Kijana aliona vizuri kabisa, akafunga kamba za viatu, akaondoka zake.

Aliondoka kwa sababu alijua. Au tuseme tumbo lake lilijua, kichwa kikawa kinakataa.

Lile kundi lilikuwa na watu wa kila namna: walimu, madereva, mpiga picha mmoja mwenye kelele, na mama mmoja mfundisha kuogelea waliyemwita Mama Pacha. Kutwa nzima ni porojo. Nani anauza viatu, vidole vya nani vimechubuka, nani kaahidi Jumamosi kisha kaingia mitini. Ila desturi moja hawakuichezea. Ukiweka picha ya mwamba uliopanda, chini yake unaandika aliyekushikia kamba. Maana wewe unapanda ukiwa umefungwa kamba kiunoni, na mwenzako yuko chini ameishika; ukianguka, mikono yake ndiyo roho yako. Kwa hiyo anatajwa. "Kamba: fulani." Asipotajwa, watu wanauliza.

Sasa, siku mbili tatu kabla ya kitana, Mjusi alikuwa amepanda Shavu, jabali lililobetuka ambalo hakuna mwenzao aliyewahi kulimaliza. Siku hiyo rafiki wa kumshikia hakutokea, akamwomba Dada, ambaye alikwisha kumfundisha kazi hiyo zamani. Dada akamwacha mwanawe kwa jirani, akajifunga kitambaa kichwani, akaenda na ndala zake. "Umenishika?" akauliza Mjusi. "Nimekushika, panda." Karibu na juu mkono ukamteleza, akaporomoka kichwa chini. Kamba ikamburura Dada mpaka kwenye jiwe, ikamchuna viganja vyote viwili, na hakuachia. Alilia kwa maumivu huku akimwambia, "Nimekushika, baba, usiogope, nimekushika." Mjusi akapumzika kwenye kamba, akapanda tena, akafika.

Jioni akaweka picha. Ya kuanguka hakuyasema. Kwenye mstari wa kamba akasita, kwa sababu juzi tu ni yeye aliyemcheka mpiga picha kwa kushikiwa na mama yake mzazi, akamwita mtoto wa kubebwa. Leo aandike kwamba ameshikiwa na dada yake, msusi, tena kavaa ndala? Wangemchambua mwezi mzima. Akaandika, "Kamba: Jini," akaweka na kikatuni cha kucheka. Kundi zima likavunjika mbavu, likammiminia na pongezi.

Basi mchana ule wa kitana alikuwa ameinama nyuma ya friji, jikoni kwa mteja, mwenye nyumba katoka. Akahisi kiuno kinakazwa. Alikuwa na mkanda wa suruali tu, lakini kilichomkaza kilikuwa juu ya mkanda, kikivuta taratibu kuelekea nyuma, kama anavyovuta mshika kamba akipunguza ulegevu. Harufu ya jiwe lililolowa ikajaa jikoni. Kisha karibu kabisa na sikio, sauti ambayo si ya mwanamume wala ya mwanamke ikasema kwa upole, "Nimekushika."

Alitoka mle akaacha hadi bisibisi.

Nyumbani alimkuta Dada amekaa kwenye kiti cha wateja, mikono ameilaza mapajani, viganja juu. Sufuria lilikuwa sakafuni na maji yamesambaa. Dada akamwita karibu, akashusha sauti ili mtoto aliyekuwa anatambaa pale chini asisikie, utadhani mtoto angeelewa.

"Mdogo wangu, kuna mtu ananifungua mikono."

"Mtu gani, Dada?"

"Simwoni. Ana baridi. Nikishika kitu anakuja, ananifungua."

"Ni uchovu huo," akasema Mjusi. "Unasuka sana."

Loo, yule kijana! Alisema uchovu huku macho yake yako kwenye mikono ya dada yake, na juu ya kila kidole kulikuwa na vumbi jeupe, lile la chaki wanalojipaka wapanda miamba wasiteleze. Dada hakuwa na chaki. Mjusi akaingia chumbani, akalizima kundi kwenye simu lisimpigie kelele, akalala kifudifudi. Aliona haya kutoka tena kula.

Akavumilia hivyo siku kadhaa. Wateja wakapungua, maana nani atamlipa msusi anayeangusha nywele? Dada akawa anamlisha mtoto kwa kumwegemeza kwenye mto. Na nyumba ikaanza kutoa sauti: kamba ikiburutwa sakafuni sebuleni, vyuma vikigongana taratibu kule ambako hakukuwa na chuma. Kila mara Mjusi alijiambia atasema, na kila mara akafikiria zile pongezi zote alizopewa.

Asubuhi moja ya Jumamosi, Dada aliteremka ngazi za jengo na mtoto kifuani, amemkumbatia kwa mikono yote miwili kwa sababu hakuthubutu kumshika kwa mmoja, Mjusi yuko nyuma yake amebeba mfuko wa nguo chafu, na pale kwenye kona ya ngazi ile harufu ya jiwe ikapanda kutoka chini, na Mjusi akaona vidole vya Dada vinafunguka mgongoni mwa mtoto, cha mwisho, kinachofuata, kinachofuata, na Dada akawa anasema "hapana, hapana, huyu hapana" kwa sauti ndogo huku akijaribu kumbana mtoto kwa viwiko na kidevu, na mtoto anateleza, anacheka, anadhani ni mchezo, na Mjusi akatupa mfuko akaruka ngazi zote zile akamdaka mtoto mguu mmoja, kichwa kikiwa karibu na sementi.

Dada akaketi pale pale ngazini. "Mchukue," akasema. "Sitaki kumshika tena mwanangu."

Ndipo akaitwa shangazi yao. Yule mama alikuwa mshona mapazia, lakini watu walimfuata kwa mambo haya pia. Hakuja na ubani wala ngoma. Alikuja na miwani yake na hasira zake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Nani kafanya upuuzi humu ndani?"

Akamketisha Dada, akamshika vifundo vya mikono, akauliza bila kupandisha sauti, "Wewe uliyemo humu, umefuata nini?"

Mdomo wa Dada ukafunguka. Sauti haikuwa yake. "Nimekuja kazini."

"Kakuajiri nani?"

"Nimetajwa mbele za watu. Wamecheka, wamekubali. Imesemwa mimi ndiye niliyeshika kamba. Nitashikaje? Mimi sina mikono. Nimechukua ya aliyeshika."

Shangazi akageuza shingo polepole akamtazama Mjusi. Kijana akatoa simu haraka, akaitafuta ile picha akaifuta. Wakasubiri.

"Umefuta picha," ikasema ile sauti kwa upole. "Ya nani mikono, hujasema."

"Kumbe ulijua," akanong'ona shangazi.

"Nilijua."

"Ukamwacha ateremke ngazi na mtoto?"

Machozi yalimtoka, akaandika huku yanadondoka kwenye kioo cha simu: "Kule Shavu sikushikiwa na jini. Nilianguka, nikapumzika kwenye kamba. Aliyenishika ni dada yangu, msusi. Alichunika viganja vyote na hakuniachia. Nilimficha kwa sababu niliona aibu." Akatuma.

Dada akavuta pumzi moja ndefu. Vumbi jeupe likadondoka vidoleni, likatawanyika kwenye zulia. Akakunja ngumi, akakunjua, akakunja tena. "Nipeni mwanangu," akasema kwa sauti yake mwenyewe, na akambana mtoto hadi akapiga kelele. Shangazi akavua miwani akajifuta macho.

Kisha Dada akamwangalia mdogo wake. "Aibu ya nini?"

"Dada, nisamehe."

"Nimekuuliza. Aibu ya nini? Ya hizi ndala?"

Mjusi akainamisha kichwa.

"Haya, soma," akasema Dada. "Soma kwa sauti wenzako wanasemaje juu yangu. Nataka nisikie."

Akalifungua kundi. Hakuwa amelisoma tangu alipolizima. Mpiga picha alikuwa ameshajibu: "Kumbe na wewe ni mtoto wa kubebwa!" Mjusi akasoma hilo kwa sauti. Wengine wakamsalimia Dada, wakampa pole ya viganja. Akasoma na hayo. Akapandisha juu kidogo kutafuta jumbe nyingine, na hapo sauti yake ikapungua.

Siku zote alizojificha, watu walikuwa wameupenda ule utani. Jana yake Mama Pacha alikuwa ameweka picha yake juu ya jabali, kwa madaha, na chini yake: "Kamba: Jini. Baba Pacha asinune." Wakacheka kama kawaida. Na asubuhi hiyo, kabla ya ungamo la Mjusi, akaandika tena:

"Jamani, mume wangu leo ana nini? Kikombe kimemtoka, funguo zimemtoka mara mbili. Uzee huo! Tumefika chini ya mwamba, sasa ndio ananifunga kamba anishikie. Huku mtandao shida, tutaongea tukirudi."

Mjusi akapiga. Simu ikasema mteja hapatikani. Akapiga ya mumewe, vilevile.

Dada akamhamishia mtoto kwenye kiwiko kimoja, akakamata funguo za gari za shangazi kutoka mezani kwa mkono mwingine.

"Piga tena," akasema. "Piga huku tunakwenda."